Tiketi Uani kwa Bi Alawiya

Inspekta Kitsao alilizunguka lango mara mbili. Alilitazama kutoka kichochoroni, akapita ndani, akalitazama kutoka uani. Kisha akatoka tena na kumgeukia konstebo aliyesimama kando ya ukuta, kofia mkononi, jasho likimteremka shingoni ingawa jua la Mji wa Kale lilikuwa bado halijavuka mapaa.

"Crispus, nieleze tena. Polepole."

"Afande, Jumanne asubuhi halikuwapo."

"Lango halikuwapo."

"Halikuwapo. Palikuwa wazi."

"Lango hili ninaloligusa sasa. Limetuzidi urefu mimi na wewe tukipandana. Limechongwa maua toka juu hadi chini. Ukapita hapa usilione."

"Sikuliona kwa sababu halikuwapo, Afande."

Sajini Mwende, aliyekuwa na faili kwapani, alikohoa kuficha kicheko. Crispus hakucheka. Kijana huyo wa Wundanyi alikuwa hajamaliza hata mwaka katika kituo chao, na alasiri ya leo huenda ingekuwa ya mwisho kwake kuvaa sare. Jumanne alikuwa ameingia katika ua huu wa Bi Alawiya na kubandika tiketi kwenye kila gari alilolikuta. Kesho yake Bwana Abdulbasit, muuza leso wa Biashara Street, ambaye gari lake lilikuwa mojawapo, alikwenda kituoni kushtaki. Alidai konstebo amekata kufuli, ameingia nyumba ya watu na kuadhibu magari ambayo hayakumkera mtu. Mkuu wa kituo, Bi Jacinta, alikuwa asikilize shauri hilo leo baada ya chakula cha mchana, na alimpa Kitsao asubuhi moja tu ya kuchunguza.

"Afande, niulize?" Mwende alisema. "Polisi hana ruhusa kabisa ya kuandika tiketi katika ardhi ya mtu binafsi?"

"Anayo na hana." Kitsao alijifuta paji la uso. "Sheria ya barabara hufuata umma. Popote gari linapoweza kupita na watu wote wakaruhusiwa kuingia, sheria inapahesabu kuwa barabara, hata kama pana mwenyewe. Uwanja wa magari wa supamaketi una mwenyewe, lakini ukifanya fujo na gari lako mle utashtakiwa. Ila mtu akijenga ukuta, akaweka lango, akafungulia anaowataka, hapo si barabara tena. Hapo ni kwake."

"Basi kesi nzima ni lango."

"Kesi nzima ni lango. Kama lilikuwapo, Crispus amevunja nyumba. Kama halikuwapo, aliona kiwanja wazi chenye magari yamejazana, akafanya alivyofundishwa."

"Nami nawaambia halikuwapo," Crispus alisema kwa sauti ndogo. "Muuza maji alikuwa amekwama hapa na mkokoteni wake. Gari jeupe lilikuwa limeachwa, mkia wake uko kichochoroni. Nikaandika lile kwanza, halafu nikaingia nikaandika mengine. Nilipiga na picha, kila gari."

"Picha nimeziona. Magari matupu. Hakuna hata moja uliyopiga ukuta."

"Sikujua kama kuna siku nitaulizwa ukuta, Afande."

Mlango wa nyumba ulifunguliwa na kijana mmoja akatokeza na sinia la kahawa na kashata. Alivaa kanzu iliyopigwa pasi vizuri, na tabasamu lake lilimtangulia uani.

"Karibuni, karibuni! Mimi Riyadh. Bi Alawiya ni khalati yangu, ndugu yake mama. Anajitanda anakuja. Kunyweni kwanza." Alimimina vikombe vyote kwa haraka, hata cha Crispus. "Kusema kweli, Inspekta, jambo lenyewe dogo hili. Abdulbasit ana hasira za karibu. Mkitaka nitamwambia aifute kesi, yaishe."

"Ungependa iishe?"

"Nani hapendi amani?"

Kitsao alitafuna kashata. Aliipenda, akachukua ya pili. "Kuna kufuli lililokatwa, naambiwa."

Riyadh alilitoa mfukoni mwa kanzu, kana kwamba alikuwa ameliweka tayari. Lilikuwa kufuli zito, la zamani, na upinde wake umekatwa katikati. Kitsao alilisogeza kwenye mwanga. Mahali palipokatwa palikuwa panang'aa, na pana mistari midogo midogo iliyolala upande mmoja.

"Msumeno wa chuma," alisema. "Hii ni kazi ya kutoka jasho. Crispus, Jumanne ulikuwa na nini mkononi?"

"Kitabu cha tiketi, kalamu na simu, Afande."

"Huenda alikuwa na mwenzake," Riyadh alisema.

"Ulimwona huyo mwenzake?"

"Mimi sikuwapo."

"Basi umejuaje kuwa konstebo ndiye aliyekata?"

"Sasa nani mwingine, Inspekta? Tiketi ziko ndani, kufuli liko chini." Tabasamu lilikuwa lingali pale pale, lakini alianza kumimina tena kahawa katika vikombe vilivyokuwa bado vimejaa.

Kabla Kitsao hajaendelea, Bi Alawiya alitoka. Alikuwa mwanamke mfupi, mwembamba, buibui limemkaa sawasawa, na alitembea kama mtu aliyezoea kupishwa njia.

"Sabalkheri, Bi Alawiya," Kitsao alisema, akiweka kikombe chini.

"Sabahu nnuri, baba. Hujambo? Watoto hawajambo? Na wewe binti, hujambo? Na huyu mwenye kofia mkononi ndiye aliyeniletea makaratasi?"

"Ndiye mimi, Mama. Shikamoo."

"Marahaba. Mbona umekonda hivyo, hawakupi chakula huko kituoni?" Hakungoja jibu. Aliketi kwenye baraza ya ndani na kumtazama Kitsao. "Uliza, baba."

"Jumanne asubuhi ulikuwa wapi, Mama?"

"Majengo. Binti wa mpwa wangu alikuwa apakwa hina. Nalikwenda Jumatatu jioni, nikarudi Jumanne adhuhuri imeshaadhiniwa. Nikakuta Abdulbasit amesimama hapa apiga kelele kama muadhini."

"Lango lilikuwapo uliporudi?"

"Lende wapi?"

"Na kabla hujaondoka?"

"Inspekta, lango hili aliliweka babu yangu mzaa mama. Mimi nimezaliwa nimelikuta. Halijatolewa hata siku moja. Magari ya majirani nawaachia waweke kwa sababu kichochoro hiki ni chembamba, na hilo ni hisani yangu. Lakini pana lango, na mwenye lango ni mimi."

Alisema bila kupandisha sauti, na Kitsao alimwamini neno kwa neno. Lakini alimwamini Crispus vilevile, na hilo ndilo lililokuwa likimsumbua. Watu wawili wakweli, na lango moja.

"Na tangu urudi, Mama, kuna kitu chochote umekiona kimebadilika? Hata kidogo?"

Bi Alawiya alifikiri. "Kimoja. Lango limekuwa jepesi. Zamani nikilisukuma mimi lalalamika mtaa mzima wasikia. Sasa lenda lenyewe. Nikamuuliza huyu, umelitia mafuta? Akasema ndio. Nikamuombea dua, maana nimemwambia miaka."

"Nilitia mafuta," Riyadh alisema upesi. "Kwenye bawaba."

"Umefanya vizuri," Kitsao alisema. Akamshukuru Bi Alawiya, akaomba ruhusa ya kurudi baadaye, na kutoka na watu wake. Pale kizingitini alisimama, akatazama sakafu ya mawe kwa muda mrefu, kisha akaendelea na safari bila kueleza alichokuwa akitazama.

Duka la Abdulbasit lilikuwa limetandazwa leso kutoka darini hadi chini, hata mtu ilimbidi aziinue kama mapazia ndipo aonane na mwenyewe. Mwenyewe alikuwa mtu mnene, mwenye sauti kubwa na mikono isiyotulia.

"Afadhali mmekuja! Kaeni. Kwanza kabisa, mimi si mtu wa ugomvi."

Akamwona Crispus mlangoni. "Na huyu mmemleta wa nini?"

"Ananionyesha njia," Kitsao alisema. "Shekhe, hii ni mara ya kwanza Konstebo Crispus kukuandikia tiketi?"

Mikono ya Abdulbasit ilitulia juu ya leso. "Ya... pili."

"Ya kwanza ilikuwa hapa mbele ya duka," Mwende alisema bila kufungua faili.

"Gari lilisimama kitambo kidogo tu! Nilikuwa nashusha mzigo!"

"Kwa hiyo una kinyongo naye."

"Ninacho, nikatae nini? Lakini kinyongo hakikati kufuli, Inspekta."

Kitsao aliliona jibu hilo kuwa zuri. Alikuwa ameingia Biashara Street akiwaza kwamba muuza leso ametunga kisa kizima ili alipize. Mtu anayetunga, aliwaza sasa, angekana kinyongo kwanza.

"Jumanne ulipoliingiza gari uani, nani alikufungulia lango?"

"Lilikuwa wazi."

"Uliliona limelazwa upande gani wa ukuta?"

"Upande wa..." Abdulbasit aliinua mkono wa kulia, akaushusha, akainua wa kushoto. "Bwana, mtu akipita mlango ulio wazi hutazama mlango? Nilikuwa nazungumza kwa simu na mteja wa Lamu. Anataka doti nzima nzima, mimi nitazame mlango?"

"Hapana, hukuwa na haja." Kitsao alimnyooshea Crispus mkono, akapewa simu, akatafuta picha aliyoitaka na kuiweka mbele ya mfanyabiashara. "Hili ni gari lako?"

"Ndilo."

"Tazama nyuma. Kizingiti kile pale cheusi. Mkia wa gari umekipita, uko kichochoroni. Hebu nieleze, shekhe. Lango lingefungwa vipi, likatiwa na kufuli, na gari lako limelala kizingitini?"

Abdulbasit aliikodolea macho picha. Akaisogeza karibu, akaisogeza mbali.

"Subhanallah," alisema mwishowe, kwa sauti ya mtu mwingine kabisa.

"Habari za kufuli ulizipata kwa nani?"

"Kwa Riyadh. Nilipokuta tiketi nilipiga kelele, nikauliza, polisi ameingiaje humu? Akatoka ndani akasema amekata kufuli. Kisha akaja nalo mkononi, limekatwa kweli."

"Na ukaamini."

Abdulbasit alimtazama Crispus, kisha akatazama leso zake. "Nilitaka kuamini," alisema.

Waliporudi kwa Bi Alawiya lango lilikuwa limefungwa na kichochoro kitupu. Kitsao hakubisha. Alichuchumaa mbele ya kizingiti, magoti yakamlia, akaonyesha kidole sakafuni.

"Sajini, unaona nini?"

Mwende aliinama. Katika mawe palikuwa na mchirizi, umepinda kama mwezi mchanga, umechimbika na kulainika kwa kukwaruzwa miaka na miaka. "Ni lango. Limekuwa likiburuta hapa kila linapofunguliwa."

"Sasa lisukume."

Alilisukuma. Lango lilifunguka kimya. Kitsao alikuwa ameweka kidole chake chini yake, na lango likapita juu ya kidole bila kukigusa.

"Mafuta hufanya lango lisipige kelele," alisema. "Hayalifupishi." Alitoa kitambaa cheupe mfukoni, akakitemea mate, akasugua kwa nguvu nyuma ya ubao, pale chini ambapo jua wala mvua havifiki. Kitambaa kilitoka cha kahawia. Akakinusa, akampa Mwende anuse.

"Kahawa?"

"Kahawa, na kitu kingine, labda rangi ya viatu. Na hapa nilipokwaruza, tazama mti wenyewe. Njano. Huu ni mfenesi, tena mbichi. Mjomba wangu alikuwa na banda la mbao, nimelelewa juu ya maranda. Lango la babu yake Bi Alawiya haliwezi kuwa mfenesi. Lile litakuwa msaji, na msaji wa umri ule ni mweusi hadi moyoni."

Crispus alikuwa amesogea karibu, kofia ameisahau chini. "Afande, unasema..."

"Nasema hukudanganya. Na Bi Alawiya hakudanganya. Jumanne asubuhi lango la zamani lilikuwa limeshaondoka na hili lilikuwa bado halijafika. Wewe, kwa bahati yako mbaya, ukapita katikati." Alijiinua kwa kushika ukuta. "Asiyekuwa na bahati zaidi yako ni yule aliyekuwa akilibadilisha. Alipanga kila kitu, akasahau kwamba kuna askari anayependa kazi."

Konstebo aliiokota kofia yake. Alitazama upande, akapangusa uso kwa mkono wa shati.

"Mafundi wa kuchonga hivi kisiwani hawazidi vidole vya mkono," Mwende alisema, tayari simu sikioni. "Nitaanza na wanaonunua mfenesi."

Alimpata kwa simu ya tatu.

Karakana ya Fundi Taib ilikuwa Majengo, nyuma ya nyumba ya udongo iliyoezekwa mabati, na yeye mwenyewe alikuwa amekaa juu ya gogo akinywa chai ya rangi. Alikuwa jitu la mtu. Alipoambiwa ni polisi, tena habari za lango, hakushtuka hata kidogo. Aliweka chai chini.

"Kabla hamjaniuliza, niulize mimi. Ni zuri au baya?"

"Limetuzungusha asubuhi nzima," Kitsao alisema.

"Basi ni zuri!" Taib alijipiga paja. "Lakini kwa nini polisi?"

"Nani alikuagiza?"

"Riyadh, mpwa wake Bi Alawiya. Alisema khalati yake amempa lango la zamani, na hataki ua ukae wazi, kwa hiyo nichonge lingine mfano wake. Nilikwenda kupima mwenyewe, siku Bi Alawiya yuko msikitini. Nikamwambia hebu nimsalimie, akasema khalati ana haya, hataki watu wajue anabomoa urithi. Nikaona maneno ya watu wakubwa hayo."

"Na Jumanne?"

"Baada ya swala ya alfajiri tulilitoa la zamani, mimi na vijana wangu. Mkokoteni ni mmoja, kwa hiyo tulilifikisha kwanza lile, ndipo tukarudi hapa kuchukua jipya. Tulipofika uani tukakuta magari yote yana makaratasi usoni. Nikasema, lo, hata Mji wa Kale wameanza!"

"Lile la zamani mlilifikisha wapi?"

"Mbaraki. Nyumba mpya ya Bwana Haroun, yule mwenye meli za mizigo. Tulilitundika siku hiyohiyo jioni. Limekaa pale kama limezaliwa pale." Taib alitazama nyuso zao, moja baada ya nyingine, na furaha ikaanza kumtoka. "Bi Alawiya hajui?"

"Hajui," Kitsao alisema. "Chukua mkokoteni wako, Fundi, utufuate. Na vijana wote."

Haikumchukua Kitsao maneno mengi kuwapakia Bi Alawiya na Riyadh garini. Alimwambia mama amepata habari za lango lake na angependa aone kwa macho yake. Riyadh alipoisikia Mbaraki ikitajwa, alitazama nje ya dirisha njia nzima kama anayepelekwa kung'olewa jino.

Nyumba ya Haroun ilikuwa nyeupe, juu kidogo ya gati, na mbele yake lilisimama lango jeusi la msaji, shaba zake zimepigwa brasso zikawaka. Bi Alawiya alishuka garini. Akasimama. Akaenda taratibu hadi langoni na kuweka kiganja juu ya mfaa, ule mwimo wa katikati, akaushika vile mtu anavyomshika shavu mgonjwa aliyepona.

"Riyadh," alisema bila kugeuka. "Ndoo hapa."

Riyadh alimsogelea.

"Mato yangu hayaoni vizuri. Nieleze. Hili ni nini?"

"Ni lango lako, khalati."

"Lafanya nini hapa?"

Kabla hajajibu, lango lenyewe lilifunguka, likikwaruza sakafu mpya kwa kelele iliyofika hadi gatini. Bwana Haroun alitokeza, mzee mnadhifu mwenye kofia ya vito iliyodariziwa kwa mkono, na nyuma yake binti yake Jana, aliyekuwa na koti jeupe la duka la dawa mkononi, yuko njiani kwenda kazini.

"Sabalkheri! Karibuni!" Haroun alisema. Kisha akaona sare za polisi. "Kuna nini?"

"Bwana Haroun," Kitsao alisema, "lango hili umelipataje?"

"Ni zawadi. Kijana huyu alikuja kumposa binti yangu. Nikamwambia, nyumba yangu mpya haina lango la heshima, na mimi nimezaliwa Mji wa Kale. Anayetaka kuingia ukoo huu aniletee lango lenye asili. Nilisema kwa mzaha! Baada ya miezi kadhaa akaniletea hili. Akaniambia ni urithi wake."

Wote walimgeukia Riyadh.

"Nilisema ni urithi," Riyadh alisema. "Sikusema umeshanifikia."

Mwende aligeuka upesi, mabega yakimtikisika. Bi Alawiya hakucheka.

"Na kufuli?" Kitsao aliuliza.

Riyadh alishusha pumzi. "Nilikuwa ndani, najipongeza. Lango jipya limekaa sawa, khalati hajarudi. Mara namsikia Abdulbasit anauliza polisi ameingiaje. Ningesemaje? Kwamba hapakuwa na lango? Neno likanitoka: amekata kufuli. Baada ya neno kunitoka ikanibidi nilikate kufuli kweli. Nilikata nyuma ya jiko huku yeye bado anapiga kelele uani."

"Neno hilo lilikuwa limfukuzishe mtu kazi," Kitsao alisema. Sauti yake, kwa mara ya kwanza asubuhi ile, haikuwa na mchezo. "Mtazame."

Riyadh alimtazama Crispus. Mawimbi yalipiga gati chini kule.

"Sikujua jina lako," Riyadh alisema. "Nilisema 'polisi' tu. Sikufikiri kuwa polisi ni mtu. Nisamehe, ndugu yangu. Nitakwenda popote niseme kweli, hata leo, hata mbele ya nani."

Crispus aliizungusha kofia mkononi. "Mama yangu alinipigia jana," alisema. "Nilishindwa kupokea, sikujua nitamwambia nini." Kisha akanyoosha mkono, na Riyadh akaushika kwa mikono yote miwili.

Kitsao alijitenga pembeni na kumpigia Bi Jacinta. Alieleza kwa kirefu, akasikiliza kwa kirefu zaidi, na aliporudi alikuwa anakuna kidevu.

"Shauri la Konstebo Crispus limefutwa," alitangaza. "Riyadh atakuja nami kituoni kuandikisha ushahidi kwa kiapo, na atajibu kuhusu lile kufuli, hilo Mkuu hasamehi. Kuhusu tiketi, anasema hivi. Ua wa Bi Alawiya ni wake hata lango lake likiibwa, wizi haugeuzi nyumba kuwa barabara. Konstebo hakuwa na njia ya kujua, lakini tiketi za uani zinafutwa zote. Ile moja inabaki, ya gari jeupe. Mkia wake ulikuwa kichochoroni, na kichochoro ni cha umma."

"Ya Abdulbasit," Mwende alisema.

"Ya Abdulbasit. Crispus utamjulisha mwenyewe, kwa adabu."

Crispus alivaa kofia yake. Ilikuwa mara ya kwanza siku ile kumwona anacheka, na alikuwa na mwanya mkubwa wa mbele uliomfanya aonekane mtoto.

"Na wizi wenyewe?" Haroun aliuliza kwa wasiwasi. "Mimi nimepokea mali ya wizi, Inspekta?"

"Hilo mwenye mali ndiye wa kulalamika."

Bi Alawiya alikuwa bado ameshika mfaa. Aliwatazama Haroun, Riyadh, kisha Jana, ambaye muda wote alikuwa amesimama nyuma ya baba yake, uso umemwiva.

"Binti, wewe ulijua?"

"Sikujua, Mama. Wallahi ningejua nisingekubali lipite hapa. Nimeambiwa leo kama nyinyi kwamba bei yangu ni mbao." Alimgeukia baba yake, aliyeinamisha kichwa, kisha Riyadh. "Mtu angeniuliza mimi! Ningesema ndio bila hata bawaba moja."

Riyadh alionekana kama mtu aliyepigwa na kupewa zawadi kwa mkono huohuo.

Hapo ndipo Bi Alawiya alipocheka. Alicheka mpaka akaegemea lango lake. "Haroun," alisema akijipangusa macho, "lango langu nalichukua sasa hivi. Lile la fundi walilete hapa, ni zuri, na ndilo la nyumba mpya. Na Jumapili nitakuja mimi mwenyewe na watu wazima na halua, nimpose huyu binti kama watu wanavyoposana. Ukikataa, ukatae mbele yangu."

"Nani atakataa?" Haroun alisema kwa unyonge. "Nimeshaona ninyi mkitaka kitu mnavyokichukua."

Fundi Taib na vijana wake walikuwa wamefika. Kituo kingengoja kidogo. Riyadh alivua kanzu, akabaki na fulana na kikoi, akashika upande mzito wa lango bila kuambiwa. Crispus akashika upande wa pili. Walilibeba pamoja, wakihema, mpaka likalala juu ya mkokoteni, na Crispus akatangulia mbele hadi barabara kuu, akanyoosha mkono. Malori ya bandarini yakasimama.

"Riyadh!" Jana aliita kutoka pale palipobaki wazi.

Riyadh aligeuka, mikono yote kwenye mpini, jasho likimwingia machoni.

"Jumapili usije mikono mitupu," Jana alisema. "Lakini chochote utakacholeta, kiwe chako."